Zawadi ya mhitimu: joho, khanga na noti iliyokufa

Wadau, msimu wa mahafali ndio huu. Ukipita barabara ya Sam Nujoma siku ya mahafali ya Mlimani utadhani umeingia soko la maua. Vijana wamesimama kila upande na mataji ya plastiki, mengine yamefungwa peremende, mengine yamebandikwa noti za elfu moja moja. Mhitimu anavalishwa matano, sita, anapigwa picha mpaka shingo inauma, na kufika Jumatatu mataji yote yapo juu ya kabati yakikusanya vumbi. Sina ugomvi na wauza mataji, nao wanatafuta riziki. Ila mwaka huu ukoo wetu una mhitimu, binti wa baba mkubwa, shahada ya elimu, na kwenye kundi letu la WhatsApp nimepewa kazi: wewe ndiye mwandishi, tutafutie zawadi yenye maana, kitu cha kitaifa.

Kitu cha kitaifa! Mapendekezo yakaanza kumiminika. Shangazi mmoja akataka kikombe chenye bendera na jina la mhitimu. Mwingine saa ya ukutani yenye umbo la ramani ya Tanzania. Mwingine skafu ya rangi nne. Kwanza niliwakumbusha kwamba bendera na nembo ya taifa vina sheria yake, ya mwaka 1971, na si busara kuvichapisha ovyo kwenye vyombo vya chai. Pili, na hili ndilo lililonikaa kichwani, nilijiuliza: hivi taifa letu na msomi wake wamewahi kuambiana nini? Maana zawadi ni maneno. Ukimpa mtu zawadi ya kitaifa siku anavua joho, unamwambia kwamba kuna kitu nchi inamdai, au kuna kitu nchi imempa, au vyote viwili. Nikaona kabla sijaingia Kariakoo kununua chochote, nirudi kwanza kwenye historia.

Tuanze Mtaa wa Lumumba. Oktoba 25, 1961, siku 45 tu kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwenye jengo la TANU, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika hata 20. Miongoni mwa wanasheria hao wa mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Chama cha ukombozi kinakiazima chuo jengo lake! Kuhamia Mlimani kulikuja baadaye, mwaka 1964. Yaani mtoto alizaliwa sebuleni kwa TANU, na TANU haikusahau hilo.

Mwaka huohuo wa 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wengi bado wanausimulia. Nausimulia kwa maneno yangu: kijiji kina njaa, wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa kijana mmoja apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea chakula. Kijana akila akashiba, kisha asirudi, huyo ni msaliti. Kijana huyo ndiye msomi. Ukitafakari, hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya kwanza ya kitaifa kwa mhitimu wa Tanzania, na ilikuwa deni.

Miaka miwili baadaye deni likaanza kudaiwa. Serikali ilitaka wahitimu wa vyuo na sekondari ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, halafu miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. JKT yenyewe ilikuwepo tangu mwaka 1963, lakini ilikuwa ya kujitolea, na waliokuwa wakijitolea wengi walikuwa vijana wa kawaida, siyo watoto wa Mlimani. Wanafunzi wakakataa. Oktoba 22, 1966 wakaandamana mpaka Ikulu, na waliandamana wamevaa majoho.

Hapo kwenye majoho naomba tusimame kidogo, maana kwangu ndipo ulipo uti wa mgongo wa habari yote. Unaweza kuandamana na shati na suruali. Wao walichagua joho. Walikuwa wanasema: sisi si watu wa kawaida, tutazameni. Nchi ina miaka mitano tangu Uhuru, shahada zinahesabika kwa vidole, na hawa ndio watakaokuwa makatibu wakuu, mahakimu na mabalozi. Walilijua hilo, na walijua kwamba Ikulu nayo inalijua.

Nyerere aliwapokea, akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akawaka. Aliwaambia waende nyumbani, na wakaenda kweli, chini ya ulinzi wa polisi. Jumla walikuwa 393, wengi wao wa Chuo Kikuu na waliobaki wa vyuo vingine vya mjini. Palepale alitangaza kwamba anakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wakubwa nayo ikapunguzwa. Hapo ndipo kila mara nikisoma habari hii huwa nasita. Ni rahisi kumuona mtawala mwenye hasira akifukuza vijana waliomwendea na barua ya malalamiko, na sitaficha kwamba kufukuza wanafunzi karibu 400 katika nchi yenye uhaba wa wasomi kiasi kile ni adhabu nzito mno. Lakini mtawala huyo alijikata mshahara mbele yao. Ningependa kuwauliza wasomaji wangu, ni lini mara ya mwisho mmesikia kitu cha namna hiyo?

Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka 1967. Marehemu Samuel Sitta, Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Na miezi mitatu tu baada ya maandamano yale likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye makampuni. Wanahistoria wengi wanaona yale majoho ya Oktoba yalichangia kumsukuma Mwalimu kwenye njia hiyo. Mwezi Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba huendi chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza JKT, kisha kazini miaka miwili, kisha uletewe barua ya kukusifia tabia na juhudi zako, chama kikiwa na neno lake humo.

Baba mkubwa ni zao la Musoma. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1977, akapita Mafinga, akafanya kazi, akaingia Mlimani mwaka 1980. Nilimuuliza alipewa zawadi gani alipohitimu mwaka 1983. Akacheka sana. "Mwanangu, nilipewa mche wa sabuni na kilo mbili za sukari, na nililia kwa furaha." Wale waliokuwepo wanajua: miaka ya mwanzo ya themanini maduka ya RTC yalikuwa meupe, watu wanapanga foleni bila kujua mbele kinauzwa nini, na mwaka huohuo wa 1983 ndio ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakitupa mitoni vitenge na mabati yao kwa hofu. Mjomba aliyempa ile sabuni alikuwa amempa kitu cha thamani kuliko kalamu yoyote ya dhahabu. Nadhani hakuna zawadi iliyokuwa ya kitaifa zaidi ya hiyo, maana ilibeba hali halisi ya taifa siku ile.

Haya, sasa tuingie sokoni.

Cha kwanza nilichofikiria ni khanga, na wengine watanicheka kwamba khanga ni zawadi ya mama wa harusi. Sivyo. Khanga ndiyo gazeti la zamani kuliko yote kwenye pwani hii. Imeanza karne ya 19, na jina la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa "Mali ya Abdulla", limekuwa kwenye pindo za khanga tangu mwaka 1887. Maneno yalichapwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja kwa herufi tunazotumia leo. Baada ya Uhuru serikali nayo iligundua kwamba kitambaa kinachovaliwa na kila mama ni ukuta mzuri wa kubandika tangazo. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na zama zile zilikuja khanga za chama, khanga za sikukuu za taifa, khanga zenye sura ya Mwalimu. Mpaka Obama alipochaguliwa mwaka 2008 tulimpongeza kwa khanga, "Hongera Barack Obama", na Wamarekani wakaja kuzinunua kwetu kama kumbukumbu yao ya kitaifa. Hebu fikiria hapo.

Lakini khanga simpi mhitimu. Nampa mama yake. Huyu mama mkubwa ameuza maandazi Mbagala miaka yote ambayo pesa ya kujikimu kutoka Bodi ilichelewa, na wanafunzi wanajua nasema nini. Kama kuna mwanakijiji aliyetoa chakula chake cha mwisho kumpa kijana asafiri, ni yeye. Tumemtafutia doti moja ya zamani yenye mwenge, kwa mwanamke mmoja anayeuza za mitumba. Pindo limefifia kidogo lakini jina linasomeka.

Cha pili ni fedha, na hapa naomba mnivumilie maana nimezama. Sarafu za Tanzania zilianza kutumika Juni 14, 1966, siku Mwalimu alipofungua Benki Kuu, baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kuachana na shilingi moja ya Afrika Mashariki. Zilikuwa nne: senti 5 ina samaki, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura, na shilingi moja ina mkono ulioshika Mwenge. Upande wa pili kuna kichwa cha Nyerere na maneno "Rais wa Kwanza". Michoro ile ilikuwa ya Mwingereza, Christopher Ironside, huyohuyo aliyechora sarafu za desimali za Uingereza. Kwa hiyo ule mkono wetu wa uhuru ulichorwa London! Sioni aibu yoyote, ila inafurahisha.

Tazama tarehe tena. Shilingi ya Mwenge imeingia mifukoni mwezi Juni 1966. Wanafunzi wameandamana kwa sababu ya mshahara mwezi Oktoba 1966. Walikuwa wanagombania asilimia 60 ya fedha ambayo ilikuwa na umri wa miezi minne. Mwenge wenyewe kwenye sarafu ile ni ule aliopandisha Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, mwaka 1961, na mbio zake zimekimbizwa nchini tangu mwaka 1964. Shilingi hiyo unaipata kwa wauza sarafu za zamani kwa bei isiyotisha, kwani zilitengenezwa nyingi. Ukiwa na uwezo zaidi kuna ya shilingi 5 ya mwaka 1971, yenye pembe kumi, ya miaka kumi ya Uhuru. Na kuna zile za mwaka 1974 za kuhifadhi wanyama pori, mpaka ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma, lakini hiyo waachie wenye nchi yao.

Halafu kuna noti. Noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, mbele ina Mzee Karume, nyuma ina Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani. Ukumbi uleule! Mwaka 2014 ikaja sarafu ya shilingi 500 kuchukua nafasi yake, kwa sababu noti zilikuwa zinachakaa upesi mno mikononi mwa makonda na wauza mboga. Kisha Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za zamani, na hiyo ya 500 ikiwemo, zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025. Baada ya hapo siyo fedha tena. Chuo kikuu kimetoka kwenye noti, na noti imetoka kwenye fedha. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja wa dawati la biashara akasema, "Basi umeshapata zawadi ya mhitimu wa leo, karatasi nzuri yenye picha ya Nkrumah isiyonunua kitu." Alikuwa anatania, lakini utani wake uliniingia.

Maana hapa ndipo penye kisu. Huyu binti amesomea ualimu. Nchi ina madarasa yenye watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza kuwajua kwa majina, na wakati huohuo ina maelfu ya walimu waliohitimu ambao wako nyumbani wakisubiri ajira. Mwaka 1966 serikali ilimwambia mhitimu: kazi ipo, njoo, ila kwanza tutachukua asilimia 60 ya mshahara wako kwa miezi 18. Leo Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inamwambia: ukipata kazi tutakata asilimia 15 mpaka deni liishe. Ukipata. Lile neno moja dogo limebadilisha mkataba mzima. Kijana wa kwenye mfano wa Mwalimu alitumwa kuleta chakula, akila asirudi ni msaliti. Sasa huyu anayesimama mlangoni na kikapu chake, yuko tayari kabisa kwenda, na hakuna anayemtuma, tumwite nani?

Sisemi turudi kwenye kufukuza watu. JKT ya lazima yenyewe ilisitishwa mwaka 1994 kwa kukosa fedha, ikarudishwa mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita wanaopita huko sasa wanarudi wamekonda na hadithi nyingi. Binti wetu naye alipita. Ananiambia kilichombakia ni kujua kulala dakika kumi na kuamka mpya, jambo litakalomfaa sana kusahihisha madaftari. Ninachosema ni kwamba huwezi kumpa mtoto huyu kikombe chenye bendera na kumwambia "itumikie nchi yako" kama vile yeye ndiye anayekataa.

Vitabu niliviwaza, na vinyago pia. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, ile nguzo ya watu waliobebana kutoka chini mpaka juu, ni kizuri na kinasema mengi kuliko hotuba, na pale Mwenge wachongaji wanakutengenezea kwa mpingo halisi. Lakini mpingo ni mzito na huyu hajui mwezi ujao atakuwa mkoa gani. Kitabu nilikipata kwa urahisi: tafsiri za Mwalimu za Shakespeare. Juliasi Kaizari aliitafsiri kwanza mwaka 1963, akiwa Rais, na akairekebisha mwaka 1969. Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Wengi tunamkumbuka kama baba wa taifa mpaka tunasahau kwamba alikuwa mwalimu wa shule Pugu, aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, na aliyekuwa akikaa usiku Ikulu kutafuta Kiswahili cha maneno ya wale Waroma waliomchoma visu mtawala wao. Kwa mtu anayekwenda kufundisha Kiswahili na historia, hicho siyo pambo. Ni kitendea kazi. Angalieni pia jina: "mabepari" kwa "merchant". Mwalimu alikuwa anafundisha siasa hata kwenye jalada.

Kwa hiyo orodha ya ukoo imekaa hivi. Mama: doti ya khanga. Mhitimu: fremu moja ndogo, ndani yake shilingi ya Mwenge ya mwaka 1966 na noti ya 500 ikiwa imegeuzwa, Ukumbi wa Nkrumah ukitazama nje. Na Mabepari wa Venisi, nakala iliyosomwa, yenye jina la mwanafunzi wa zamani kwa wino wa bluu kwenye ukurasa wa kwanza.

Baba mkubwa aliposikia akaafiki yote, ila akaongeza sharti. Nyuma ya fremu anataka iandikwe tarehe ya Oktoba 22, 1966. Nikamuuliza kwa nini, shangazi watadhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Akasema ataeleza mwenyewe siku ya sherehe, na kwamba mjomba wake, yule wa sabuni, alikuwamo kwenye ile foleni ya majoho. Miaka yote hii hakuwahi kuitaja.

Mchango umebaki shilingi laki moja na elfu themanini. Nimependekeza tusinunue taji. Tumemwekea kwenye bahasha, fedha taslimu inayotumika, kwa ajili ya nauli ya kwenda kwenye usaili.